Żuławski: je, ni kelele tupu? Na uanzie filamu ipi?

Msomaji ameuliza: "Nilijaribu kutazama Possession ya Mpolandi Andrzej Żuławski nikaishia katikati. Watu wanapiga mayowe mwanzo mwisho, kamera haitulii, na sikuelewa kinachogombaniwa. Lakini kila nikisoma kuhusu waongozaji wakaidi wa Ulaya Mashariki, jina lake linarudi. Je, ni kelele tu? Nianzie wapi? Na mimi ninayejiandaa kutengeneza filamu fupi ya kwanza, kuna cha kuchukua kwake?"

Si kelele tupu, ndugu yangu. Umeingilia mlango wa nyuma tu, na huenda hata nakala uliyoipata ilikuwa mbovu, kwa hiyo tuanze na hilo. Possession kamili ina dakika 124. Ilipoingia Marekani mwaka 1983, wasambazaji waliikata ikabaki na dakika 81 hivi, wakapangua mfuatano wa matukio ili iuzike kama filamu ya zimwi. Toleo hilo bado lipo, na ukilitazama hutaelewa ugomvi unahusu nini hata ukirudia mara ngapi, maana sehemu kubwa ya ugomvi wenyewe ndiyo iliyotupwa. Angalia urefu kabla ya kuanza. Ukikuta dakika 119 usiwe na wasiwasi: nakala zilizotengenezwa kwa mfumo wa televisheni ya Ulaya huenda picha 25 kwa sekunde badala ya 24, na zile dakika tano zimemezwa na mwendo, hazikukatwa. Ikiwa chini ya hapo kwa kiasi kikubwa, achana nayo utafute nyingine.

Jambo la pili halionekani kwenye nakala yoyote. Possession ya 1981 ni filamu ndefu ya tano aliyoipiga Żuławski, lakini mtazamaji wa mwaka ule alikuwa ameweza kuona mbili tu kabla yake. Nyingine mbili zilikuwa zimefungiwa na serikali ya Poland. Ulichokitazama ni kazi ya mtu aliyenyang'anywa filamu mbili, ya pili ikiwa imebaki kidogo tu imalizike. Mayowe yale yanatoka mahali. Katika kazi zake zote Żuławski anauliza swali moja: mwili wa mtu unafanya nini pale nguvu inayomzidi, iwe jeshi la uvamizi, polisi wa siri au ndoa inayovunjika, ikishaingia ndani ya nyumba na kukataa kutoka? Jibu lake ni kwamba mtu hakai kitini akaongea kwa adabu. Ukimwona akilijibu swali hilo vitani kwanza, utamfuata hata jikoni.

Alizaliwa tarehe 22 Novemba 1940 mjini Lwów, ambao leo ni Lviv nchini Ukraine. Mji ulikuwa chini ya Wasovieti, na kabla hajatimiza mwaka mmoja Wajerumani wakauteka. Baba yake, Mirosław Żuławski, alikuwa mwandishi, na baada ya vita akawa mwanadiplomasia, ndiyo maana sehemu ya utoto wa kijana ilipita Paris. Alisomea filamu IDHEC, chuo cha filamu cha Paris, kisha akarudi Poland kuwa msaidizi wa Andrzej Wajda kwenye Samson (1961) na Popioły (1965). Wajda ndiye aliyekuwa mkubwa wa sinema ya Poland, mtu wa kuzungumza na taifa zima kuhusu mashujaa wake na makaburi yao. Mwanafunzi aliichukua historia ileile akawaondoa mashujaa.

Basi anza na Trzecia część nocy ya 1971, yaani Theluthi ya Usiku, jina lililotoka Ufunuo 8:12. Hadithi aliiandika na baba yake, na kiini chake ni kitu alichokipitia baba mwenyewe katika Lwów iliyokaliwa na Wajerumani: kulisha chawa. Hapa ni lazima ujue kazi yenyewe ilivyokuwa, vinginevyo utadhani mwongozaji ameibuni.

Profesa Rudolf Weigl alikuwa amegundua namna ya kutengeneza chanjo ya taifasi, homa inayoenezwa na chawa (usiichanganye na taifodi). Chawa wa mwili hukua kwa damu ya binadamu, kwa hiyo walihitajika watu wa kuwalisha. Mlishaji alifungwa visanduku vidogo vya mbao mguuni kwa mkanda, kila kimoja kikiwa na chawa mia kadhaa, na upande uliogusa ngozi ulikuwa na wavu mwembamba: chawa anapitisha mdomo, mwili wake hautoki. Alikaa hivyo nusu saa au zaidi, kila siku. Wanaume walifunga visanduku kwenye mashavu ya miguu, na wanawake mara nyingi mapajani ili sketi ifiche alama. Chawa wakishakua, walidungwa vijidudu vya taifasi mmoja mmoja kwa bomba jembamba la kioo, kupitia njia ya haja. Wakalishwa tena siku chache, kisha utumbo ukatolewa, ukasagwa na kutiwa fenoli, dawa ya kuua vijidudu. Hiyo ndiyo chanjo. Mlishaji alipewa kitambulisho cha taasisi, na askari wa Kijerumani aliyekiona alimwacha apite, kwa kuogopa ugonjwa na kwa sababu chanjo ilikwenda kwa jeshi lake. Mwanahisabati Stefan Banach aliokoka vita akiwa mlishaji. Mshairi Zbigniew Herbert pia alilisha.

Katika filamu, Michał anaona mkewe, mwanawe na mama yake wakiuawa na askari. Anarudi mjini na kuingia katika harakati za chinichini. Wanaomwinda wanampiga risasi mtu mwingine kwa kudhani ndiye yeye. Michał anajikuta ndani ya nyumba ya mtu huyo, mbele ya mke wa mtu huyo aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, na sura ya mwanamke huyo ni ileile ya mke aliyemzika. Małgorzata Braunek, aliyekuwa mke wa Żuławski wakati ule, anacheza wote wawili. Ili awatunze mama na mtoto, Michał anakwenda kulisha chawa. Tazama jinsi kamera inavyokaa na vile visanduku, ngozi, mikanda na mikono ya maabara, bila muziki wa kukuhurumisha. Damu ya mtu ambaye familia yake imeuawa na jeshi inanunua chakula cha familia mpya, na inatengeneza kinga ya jeshi lilelile. Sioni filamu nyingine ya vita iliyopata kitu kizito kuliko hicho kwa kisanduku kidogo hivyo.

Kumbuka pia hila ya mwigizaji mmoja kucheza wanawake wawili. Mke aliyeuawa anaitwa Helena. Miaka kumi baadaye, katika Possession, Isabelle Adjani ni Anna, mke anayeondoka, na pia ni mwalimu wa mtoto, mpole, mwenye macho ya kijani. Jina la mwalimu ni Helen.

Filamu yake ya pili, Diabeł (1972), yaani Shetani, inatokea mwaka 1793, majeshi ya Prusia yakiingia Poland. Mtu asiyejulikana anamtoa kijana Jakub gerezani na kumwongoza kwao, ambako kila alichokiacha kimeoza, kisha anampa wembe. Jakub anaua, na mgeni anachotaka hasa ni orodha ya majina ya wenzake waliokula njama. Wakaguzi wa serikali hawakuhitaji mkalimani. Mwaka 1968 serikali ilikuwa imezuia tamthilia ya Mickiewicz, mshairi mkuu wa Poland, jijini Warsaw, wanafunzi wakaandamana, polisi wakawapiga, kisha ikafuata kampeni dhidi ya Wayahudi iliyowatoa maelfu nchini. Uchochezi wa vyombo vya usalama ulikuwa gumzo la mji. Filamu ya kachero anayempa kijana silaha kisha anamdai majina haikuweza kupita. Ilifungiwa hadi 1988.

Neno "kufungiwa" linahitaji maelezo. Katika Poland ile, fedha, studio, kamera, filamu ya kupigia, maabara na kumbi zote zilikuwa za dola. Mswada wa filamu ulipitishwa kwanza. Kazi ikiisha, ilionyeshwa mbele ya kamati ya kupokea filamu, ambayo ingeweza kuipitisha, kudai marekebisho, au kuiweka kabatini. Mwongozaji hakuwa na nakala ya kukimbia nayo, wala ukumbi wa pembeni. Filamu ikiwekwa kabatini, haikuwepo.

Żuławski akaenda Ufaransa, akapiga L'important c'est d'aimer (1975), ambayo ndiyo nakushauri uiweke ya pili. Ni filamu yake tulivu kuliko zote. Inaanza na mwigizaji aliyeshuka kiwango, anachezwa na Romy Schneider, akiwa amempanda mwanamume aliyetapakaa damu ya bandia katika filamu ya bei poa. Anaamriwa amwambie "nakupenda" na maneno hayamtoki. Mpiga picha za magazeti amejipenyeza ndani, na mama huyu anamwomba asimpige picha, kwamba yeye ni mwigizaji, anajua kufanya vizuri, haya anayafanya ili ale. Machozi yanaharibu wanja. Schneider alishinda nayo César, tuzo kuu ya filamu ya Ufaransa, ya mwigizaji bora wa kike katika tuzo za kwanza kabisa za César, mwaka 1976. Mtu akikwambia Żuławski hajui kunong'ona, mwonyeshe dakika hizo.

Mafanikio hayo yalimfungulia mlango wa kurudi nyumbani kutengeneza Na srebrnym globie, kutoka riwaya za Jerzy Żuławski, ndugu wa babu yake, za mwanzoni mwa karne ya 20. Wasafiri wa anga wanaangukia sayari nyingine na kuzaa watu wapya. Vizazi vinapita, imani na vita vinazaliwa, kisha anakuja mtu mwingine kutoka duniani na wenyeji wanamfanya mkombozi. Walipiga jangwani Gobi, Mongolia, kwenye fukwe za Baltiki na ndani ya mgodi wa chumvi wa Wieliczka. Sehemu ya kwanza inaonekana kupitia kamera ambazo wasafiri wenyewe wamevaa, miongo kadhaa kabla mtindo huo haujawa wa kawaida. Mwaka 1977, takriban asilimia 80 ya filamu ikiwa imeshapigwa, naibu waziri aliyesimamia sinema, Janusz Wilhelmi, alisimamisha kazi na kuamuru mavazi na mandhari viharibiwe. Wafanyakazi waliokoa walichoweza, na mikanda iliyokwisha kupigwa ikabaki. Wilhelmi alikufa katika ajali ya ndege mwaka uliofuata. Filamu haikuendelea.

Ilitoka 1988, kwenye tamasha la filamu la Cannes, ikiwa na mapengo yake. Palipotakiwa tukio ambalo halikupigwa, kamera inapita mitaani Poland ya miaka ya 1980 na sauti ya Żuławski mwenyewe inakueleza kilichotakiwa kuonekana. Huna sababu ya kuyavumilia mapengo hayo kwa huruma. Yatazame kama sehemu ya kazi: unasikia kuhusu vita vya sayari ya mbali huku unaona watu wa kawaida wakienda zao chini ya serikali iliyoikata filamu. Ila usianze nayo. Ina zaidi ya saa mbili na nusu, wahusika wanahubiri mfululizo, na maandishi ya tafsiri chini ya picha yanakwenda kasi kuliko macho. Igawe siku mbili, ukate pale anapowasili Marek, mkombozi.

Sasa rudi Possession. Alikuwa amepoteza filamu yake kubwa, na ndoa yake na Braunek ilikuwa imevunjika. Alipiga Berlin Magharibi, kwa Kiingereza, jirani kabisa na Ukuta, hadi walinzi wa upande wa pili wanaonekana dirishani. Mume, anachezwa na Sam Neill, anarudi kutoka kazi ya siri na kukuta mke anataka kuondoka. Tazama tukio la jikoni. Anna anasaga nyama huku wanagombana, kisha anachukua kisu cha umeme na kujikata shingoni. Mume anamfunga jeraha. Baadaye anachukua kisu kilekile na kujikata mkono, polepole, kana kwamba anataka kujua mwenzake alisikia nini. Hapo hakuna zimwi. Zimwi, kazi ya Mwitaliano Carlo Rambaldi aliyekuja kutengeneza pia E.T., linakuja baadaye, na kufikia hapo linaonekana ni tokeo la mambo ambayo umekwisha kuyaona. Tukio maarufu la njia ya chini kwa chini, kituo cha Platz der Luftbrücke, linaanza na mfuko wa sokoni. Anna anacheka, anaubamiza ukutani, maziwa yanamwagika, kisha mwili unajiendea wenyewe. Adjani alipata tuzo ya mwigizaji bora Cannes mwaka huohuo, na baadaye César.

Zilizobaki nazipitia haraka kwa sababu si pa kuanzia. La Femme publique (1984) na L'Amour braque (1985), iliyomtumia Dostoyevsky kwa uhuru mkubwa, zina nguvu za kamera kuliko za moyo. Szamanka (1996), aliyoipiga Poland baada ya ukomunisti kuanguka, iliwakera wengi na ni kali kweli. Baada ya La Fidélité (2000) alikaa miaka 15 akiandika vitabu, kisha akapiga Cosmos nchini Ureno kutoka riwaya ya mwandishi Mpolandi Gombrowicz, akashinda tuzo ya uongozaji bora katika tamasha la Locarno mwaka 2015. Alifariki tarehe 17 Februari 2016. Mpangilio wangu kwako: Trzecia część nocy, L'important c'est d'aimer, Possession kamili, Diabeł, Na srebrnym globie, Cosmos.

Kuhusu filamu yako fupi. Watu wengi wanaomwiga wanachukua mtikisiko wa kamera na mayowe, wakapata kichefuchefu. Anachofanya ni kitu kingine: lenzi pana, kamera karibu sana na mwigizaji, na mwendo wa mbele na nyuma kuliko wa kando. Uso ulio mita 1.2 kutoka kwenye lenzi ukisogea mpaka sentimita 60 unakuwa mara mbili ya ukubwa wake kwenye picha. Hilo ni kweli kwa lenzi yoyote, lakini lenzi pana pekee ndiyo inayoruhusu ukaribu huo huku chumba kizima kikibaki nyuma yake. Hatua moja ya mwigizaji inakuwa tukio, hakuna haja ya kukata.

Jaribu hivi. Chukua chumba cha mita 4 kwa 5, watu wawili, kamera ya mkononi. Kwa kihisi kikubwa cha fremu kamili tumia lenzi ya milimita 18. Funga tundu hadi f/8 na weka fokasi kwenye mita 1, kisha usiiguse tena: kila kitu kuanzia sentimita 58 hivi hadi karibu mita 3.7 kitaonekana wazi, na mpiga picha atakuwa huru kufuata miili. Mwanga ukipungua, pandisha ISO (usikivu wa kihisi kwa mwanga) kabla ya kufungua tundu. Kwa picha 25 kwa sekunde weka shata 1/50. Ukiipandisha sana, mwendo unakatikakatika, na mtikisiko uliokuwa wa mwili unageuka wa mashine.

Yatakayoharibika nakutajia mapema. Lenzi ya namna hii inaona kila kitu, kwa hiyo taa za miguu mitatu zitaingia kwenye picha. Tumia dirisha, na badilisha balbu za chumbani ziwe zenye nguvu zaidi. Kijiti cha maikrofoni nacho kitaonekana au kutupa kivuli. Ficha maikrofoni ndogo nguoni na urekodi njia mbili za sauti, ya pili ikiwa chini kwa desibeli 12, maana mtu akipiga kelele ghafla ile ya kwanza itapasuka na huwezi kuitengeneza. Poland ya miaka ile mara nyingi sauti iliingizwa baadaye studioni, ndiyo maana kamera zao zilitembea bila woga. Nawe waweza kufanya hivyo kwa tukio moja. Jambo la mwisho, usizungushe kamera kushoto na kulia kwa haraka: kingo za picha zinavutika, sura zinapindana, na mtazamaji anaanza kuifikiria lenzi.

Mfuatano wa hisia ndio mgumu kuliko kamera. Rudi mwanzo wa Possession, pale mtaani na mabegi: wanaongea chini, karibu kwa heshima. Kelele inafika baada ya maneno ya kawaida kushindwa mbele ya macho yetu. Kwa hiyo fanya mazoezi ya tukio zima kwa sauti ya chini, weka vituo vinne ambapo watu wanasimama, na jua ni sentensi ipi hasa inayoshindwa. Ikiwa huijui, usiruhusu mtu apige kelele.

Na katika hili usimfuate. Adjani ameeleza hadharani kwamba kulibeba jukumu lile kulimgharimu kwa muda mrefu, na wakosoaji wana haki wanapouliza kwa nini katika filamu zake mwili wa kuvunjwavunjwa mara nyingi ni wa mwanamke. Kabla ya kupiga, kaa na waigizaji wako muandike kipi kitaguswa, kipi hakitaguswa, na shoti za kelele zitarudiwa mara ngapi. Mara tatu zinatosha, tena ziwe za mwisho wa siku ili sauti isiharibike mapema. Mpe mtu mwingine, si wewe wala mpiga picha, mamlaka ya kusema "simama", na akisema, kamera ishuke papo hapo hata kama shoti ilikuwa inaelekea kuwa nzuri.